Masharubu ya Fedha

Jamani, leo uso wangu umenisaliti mbele ya mama mkwe, na hadi saa hii nawaka kwa aibu.

Asubuhi nilikuwa maabara, mjini. Mnajua kazi yangu: natengeneza chembechembe za fedha, ndogo hata darubini ya kawaida haizioni, ziwe kichocheo cha kuondoa rangi kwenye maji machafu ya viwanda. Mwezi mzima zinanikataa. Nachanganya chumvi ya fedha na dawa ya kuigeuza chembe, zinagandana na kuzama. Leo zikazama tena! Nikapandwa na hasira, jasho likanitoka, nikajipangusa juu ya mdomo kwa glavu iliyolowa chumvi ileile. (Ndiyo, mimi ndiye huwakemea wa mwaka wa kwanza wasijiguse uso.) Nikajitazama kwa kioo. Safi kabisa.

Nikapitia River Road kununua sukari na majani ya chai. Leo ndiyo mama yake Muturi, mchumba wangu, alikuwa anione mara ya kwanza, na Jumamosi wazee wao wanakuja kwetu Waithaka kwa ruracio, kuzungumza mahari. Jua lilikuwa kali. Watu wakanikodolea macho. Nikajua ni rangi yangu mpya ya mdomo, nikazidisha maringo!

Kufika kwao Mountain View, Muturi akafungua mlango, akaduwaa.

"Sasa? Uko... poa?"

Nikadhani ni mapenzi.

Mama akanikalisha karibu na dirisha, juani. Tukaombea chai. Nilipofumbua macho, shangazi yake Muturi hakuwa amefumba yake.

"Msichana, hiyo ni nini iko hapo juu ya mdomo?"

Mama akalowesha ncha ya leso kwa mate, akanisugua. Akasugua tena. Wapi! Nikaletewa kioo. Masharubu! Meusi, yamejipanga vizuri kuliko ya Muturi, ambaye anayatafuta tangu kidato cha pili.

Nikaeleza kwamba chumvi ile haina rangi, ila ikipata ngozi na jua hugeuka fedha nyeusi. (Chupa zimekataa mwezi mzima, mdomo wangu umekubali mara moja.)

"Na inatoka lini?" mama akauliza.

"Ngozi ikibambuka, mum. Kama wiki mbili hivi."

Nikajua kitumbua changu kimeingia mchanga. Machozi yakanilengalenga.

Mama akaangua kicheko hadi akashika meza. "Mimi nilienda kwa wakwe na viatu hazifanani. Huyu ni wetu. Jumamosi tunakuja!"

Basi siku hiyo, kama ilivyo desturi ya ruracio, wasichana watano tutafunikwa leso gubigubi, Muturi amtafute bibi harusi wake. Tafadhali msicheke: mama mkwe ameomba tu kwamba Muturi akishanipata, nisifunuliwe uso.