Bastola ya Babu Ansel na Utepe wa Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Shangazi Noreen kaniachia bastola ya babu Ansel, ile aliyorudi nayo kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Jumamosi klabu yetu ya silaha za kale ina maonyesho katika ukumbi wa zimamoto. Shangazi amesema nikimthibitishia kuwa ndiyo yenyewe aliyoishika baba yake, inakuwa yangu. La sivyo anampa binamu yangu Trudy, asiyejua hata inashikwa wapi! Mimi nautaka na utepe wa buluu, tuzo ya silaha halisi kuliko zote. Harlan Pickett huuchukua kila mwaka, kisha huuvaa hadi kanisani.

Jumanne, 4 Machi

Nimehakikisha haina risasi, nikaifungua juu ya meza ya jikoni. Mke wangu Darlene akauliza chakula kitaliwa wapi. Nikamwambia huu ni utafiti. Mwili: namba yake ni ya 1918! Moyo ukanidunda. Lakini mtutu ni wa miaka ya arobaini. Ajabu. Vibao vya mpini ni plastiki ya kahawia, wakati vya 1918 vilikuwa vya mbao. Kimoja kina vishimo pembeni, bila shaka mbwa kakitafuna. Na bastola nzima ni ya kijivu, imefubaa kama sufuria kuukuu. Nani kaichezea bastola ya babu? Natamani sana kujua.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Harlan, nikajifanya naulizia goti lake. Kumbe ana mtutu wa 1918 na vibao vya mbao! Nikamwomba tubadilishane. Akasema, "Una uhakika, Wendell? Usije ukanililia baadaye." Akauliza kama nimeitazama vizuri ile rangi. Nikamjibu rangi ni rangi tu. Nilipokwenda kwake akanipa na kipande cha pai ya tufaha. Masikini, hajui ninavyomzunguka.

Ijumaa, 7 Machi

Vyote vimekaa sawasawa. Kila kipande 1918! Shangazi kapiga simu, anataka kunisimulia jambo la utotoni mwake kuhusu bastola. Nikamwambia shangazi, nina kazi, kesho utajionea mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Mwamuzi, Bi Marlys, aliinama na lenzi yake muda mrefu. Akauliza kwa upole imekuwaje rangi ni ya Vita vya Pili na mtutu ni wa Vita vya Kwanza. Nikasema babu alipenda vitu vya kale. Hakucheka. Akanieleza kuwa katika vita vile vya pili jeshi lilizikusanya bastola za zamani, likazitia mitutu mipya na vibao vya plastiki, likazipaka kijivu, ndipo likawapa askari. Hiyo plastiki niliyoidharau ndiyo aliyoishika babu! Akauliza vile vipande viko wapi.

Nikageuka kumtazama Harlan. Bastola yake, ya kijivu pia, ilikuwa imekosa vipande hivyo tu. Sasa ilikuwa kamili, na utepe wa buluu juu yake.

Shangazi akaingia na fimbo yake. Akanipita. Akasimama kwenye meza ya Harlan, akagusa vile vishimo kwa kidole.

"Haya meno yangu," akasema.

Alipokuwa anaota meno, baba yake alitoa risasi zote akamwachia atafune mpini. Ndilo jambo alilotaka kunisimulia. Uthibitisho wote ulikuwa pale.

"Na wewe mtoto umeyagawa!" Machozi yakamtoka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Harlan hakunicheka. Alichukua bisibisi, akarudisha kila kitu kwenye bastola ya babu, kisha akamrudishia Bi Marlys ule utepe. Hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Trudy kapewa bastola. Lakini shangazi ana huruma: kanipa mimi mkoba wa ngozi ambao babu aliutumia kuivaa bastola hiyo kiunoni. Akanisihi niutunze hivyohivyo ulivyo. Bila shaka, shangazi!

Nimeuchunguza kwa lenzi. Ngozi safi, mshono halisi. Mwakani Harlan atanitambua! Tatizo ni moja tu: ndani kuna mtu kachafua kwa wino, herufi na tarakimu zimefifia, zinaanza na "Ans". Watoto na kalamu zao!

Nimeuloweka kwenye maji ya moto na sabuni. Wino umeanza kutoka vizuri sana.