Tableti ya Mama Mkwe Inakataa Umeme

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku njema! Bahati imeingia nyumbani ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Ni tableti ya mama mkwe wangu, Mama Mbelu. Tangu juzi haikubali umeme. Unaichomeka, inanyamaza. Betri imebaki asilimia thelathini na nane.

Jumapili saa tisa mchana shemeji yangu Muamba, aliyeko Johannesburg, atampeleka binti yake mchanga kanisani. Mtoto atapewa jina la bibi yake: Mbelu. Mama Mbelu ana miaka sabini na moja na wajukuu tisa, na hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Huyu ndiye wa kwanza. Anataka kumwona saa ileile anapopewa jina. Macho yake yamechoka, kwenye simu haoni kitu, ndiyo maana Muamba alimtumia tableti.

Mke wangu Kabedi alitaka kuipeleka kwa fundi wa sokoni. Nikakataa. Mimi! Niliyeandika majina kwenye mifuko ya kobalti miaka mitatu katika nyumba ya wanunuzi! Betri za dunia nzima zinatoka chini ya miguu yetu. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao. Mtu wa Kolwezi aende kuuliza habari za betri?

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Kwetu sisi watu wa Kasai, mkwe hakai na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye. Mama akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Ni heshima, tunaiita bukwe, na naishika vizuri. Lakini Kalumba, mume wa dada yake Kabedi, dereva wa lori la kwenda Lubudi, si mtu wa Kasai. Yeye anakaa naye, anakunywa chai yake, wanacheka. Kicheko hicho nakisikia nikiwa nje, mgongo ukutani. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Kicheko hicho kinaniuma.

Jumapili mama atacheka kwa sababu yangu.

Kabedi akauliza kama amwulize mama yake tableti inakaa wapi nyumbani. Nikamjibu kwamba mkwe haulizi mama mkwe anaficha wapi vitu vyake. Tena fundi anayeuliza si fundi.

Nimekagua tundu la chaja. Kuna vumbi jeupe! Moyo umeruka. Lithium inavuja!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimevaa mifuko ya plastiki mikononi. Nimepangusa ule weupe wa nje na kuuweka kwenye karatasi, niupeleke kwa mtu anayejua madini. Nimeikataza nyumba nzima kuugusa.

Saa nne kuku wa jirani akapanda mezani, akaudonoa wote. Maskini kuku! Nimekaa naye mpaka mchana nikisubiri afe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mwenye kuku. Saa saba akataga yai.

Nimejaribu chaja nne na waya sita. Kimya. Kwa hiyo chaja si mbaya, waya si mbaya. Ni betri. Nilijua tangu jana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Usiku nimefikiri sana. Betri ni kama mtu mvivu. Ukiiacha na chakula kidogo tumboni, haina haja ya kula. Iache ikauke kabisa, njaa itaifundisha! Nimewasha taa yake, nimeongeza mwanga mpaka mwisho, nimeweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Asilimia thelathini na nane. Ishirini. Tisa. Majirani wakadhani tuna msiba, wawili wakaja na viti vyao.

Saa kumi na moja imezimika. Nimeichomeka kwa furaha.

Haikuwaka.

Kabedi alichomoa waya. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama tungeizima tu tangu Jumatatu, ile thelathini na nane isingetosha kwa Jumapili? Nikamwambia haelewi kemia. Nikatoka nje. Ingetosha. Nimehesabu mara tatu. Ingetosha na kubaki.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilisikia zamani kwamba baridi inafufua betri. Abigaëlle, jirani anayeuza maji ya baridi, ana friza. Nimemwomba nafasi bila kumweleza mengi. Tableti imelala saa tatu kati ya makayabo, wale samaki wa chumvi, na maji ya mifuko. Imetoka ikinuka samaki. Haikuwaka. Abigaëlle anasema sasa wateja wanalalamika kwamba maji yake yana ladha ya simu.

Leo sina la kujisifu. Mama Mbelu ameshona nguo mpya kwa Jumapili. Rangi ya bluu. Kabedi ameniambia bila kunitazama. Amekwenda kwa fundi wa nguo mara mbili, kwa miguu yake mibaya, ili mtoto amwone akiwa amependeza. Mtoto wa wiki tano.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kalumba amekuja. Na lori lake, na mafuta yake kichwani, na kicheko chake. Akasema ametumwa na mama kuuliza hali ya mgonjwa. Nikasema mgonjwa anapumzika. Akaomba kuiona. Akainusa. Akaniangalia.

Kisha akaweka jicho kwenye tundu la chaja na kusema, “Dodo, ndugu yangu, umu ndani muko bunga.”

Unga! Dereva anamfundisha mtu wa kobalti! Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni chumvi ya lithium, na kwamba lori na betri ni vitu viwili tofauti. Akasema mimi ndiye ninayejua. Akaondoka bila kunywa hata maji, na mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa hivi sijioni nimeshinda. Kwa nini mtu akikuachia ushindi, unakuwa mzito mkononi?

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Siku ya aibu. Naandika yote.

Saa mbili asubuhi Kabedi alipiga kelele kwamba mama yake yuko mlangoni. Mwenyewe! Sikuwa na muda wa mlango wa jikoni. Nimeruka dirisha, nimeangukia kwenye majivu, nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko nimeshika goti.

Mama Mbelu akaingia jikoni. Alijua nilipo. Kila mtu alijua, nilikuwa napiga chafya kwa sababu ya majivu. Na kwa kuwa hawezi kusema na mimi, akachukua mwiko, akausimamisha mbele yake, akasema na mwiko.

“Mwiko, unisikilize. Hapa Kolwezi bamwizi baliniibia sufuria, baliniibia mpaka biatu. Njo maana mi nafichaka ile tableti mu ndoo ya bunga. Mwizi anatafutaka pa kitanda, hawezi kutafuta mu bunga. Kama mutu angeuliza lundi, ile Jumatatu, ningesema.”

Ndoo ya unga! Katika mvua hizi! Kila siku chaja ilikuwa ikiusukuma unga ndani zaidi, na unyevu ukaukaza. Sikuuona ukuta ule wa unga tunduni, nilikuwa natafuta mgodi.

Mama akaomba kijiti cha meno. Nikasikia akikwangua taratibu, akipuliza, akikwangua. Kitu kidogo kikaanguka kwenye sahani. Kabedi alinionyesha baadaye: kipande kikavu cha bukari, ugali wetu, kidogo kuliko punje ya mchele. Wakachomeka. Dakika kumi kimya. Kisha Kabedi akapiga vigelegele.

Mama alipoondoka nikamwambia Kabedi kwamba mila ilinifunga mdomo. Akajibu, “Bukwe inakatazaka macho. Haikatazi maulizo. Mi niko mudomo yako miaka munane, na haukunituma.”

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Sikumtuma kwa sababu nilitaka nionekane najua. Si mila. Ni mimi.

Saa tano umeme ukakatika mtaa mzima. Tableti ilikuwa na asilimia ishirini na moja. Kabedi ameizima, aitunze mpaka kesho.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Umeme haujarudi. Saa tisa wote walikuwa sebuleni kwa mama. Kalumba ndiye aliyeshika tableti. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, mahali pangu.

Nimesikia padri wa kule, maji, mtoto akilia. Nimesikia Muamba akitaja jina: Mbelu. Ndani wakaimba. Mama hakuimba. Kabedi anasema aliweka kidole kwenye kioo, kwenye shavu la mtoto, akakiacha hapo. Kalumba alikuwa anasoma namba kwa sauti ya chini. Kumi na mbili. Nane. Tano. Kila namba ilinichoma. Ile thelathini na nane ya Jumatatu nilikuwa nimeimwaga mimi.

Kwenye nne, mama akamwambia Kabedi neno. Kabedi akaja dirishani na tableti, akaigeuza nje. Akasema nigeuke.

Nikasema siwezi, mama yupo. Akasema mama amejifunika uso.

Nikageuka. Mama Mbelu alikuwa ameketi katikati ya chumba, katika nguo yake ya bluu, kitenge kimefunika kichwa chote, mikono juu ya magoti. Alikuwa ameacha kumtazama mtoto mwenye jina lake ili mimi nimwone. Nimeona uso mdogo, kofia nyeupe. Mtoto akapiga mwayo, akafumba macho.

Tableti ikazimika.

Mama akauliza kutoka ndani ya kitenge kama mtoto bado yupo. Kisha Kabedi akasema imeisha. Nilitaka ardhi inimeze. Sehemu ya mwisho nimeila mimi!

Mama akakaa hivyohivyo, amejifunika. Akamtuma Kabedi kuniuliza mtoto alifanya nini mwishoni. Nikamtuma Kabedi kujibu: alipiga mwayo, akalala katikati ya sala.

Mama akacheka. Alicheka mpaka kitenge kikatikisika. “Njo miye kabisa ule!” akasema.

Alicheka kwa neno langu. Nimelia kama mtoto, na sioni haya kuliandika.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Habari zimeenea mtaani kwamba tableti ya Mama Mbelu ilifufukia nyumbani kwangu. Sikukanusha. Nimefikiri kwa makini, nimeona kwamba kijiti kilimalizia tu kazi. Ni njaa ya Jumatano iliyoifungua betri, na baridi ya Alhamisi ikaituliza.

Saa nne amekuja Mwalimu Darlène na tableti yake. Inakula umeme upesi. Ndani mna alama za wanafunzi wote, za miezi mitatu, na kesho anazikabidhi kwa mkuu wa shule. Umeme wa mtaa bado haujarudi. Alianza kunieleza jinsi ilivyoanza. Nikainua mkono. Nikamwambia asijisumbue, hapa hatuulizi.

Kabedi amepita, amenitazama, amekwenda kuanika nguo.

Nimewasha taa, mwanga mpaka mwisho, na kwaya. Ilikuwa na asilimia sitini na sita. Sasa imebaki kumi na moja, na yote yanakwenda vizuri.