Tawi la Vinkubala

Jumatatu, 17 Novemba
Madame Eugénie ametuagiza sanamu za kuning'inia, za kuiga majani, ndege, wadudu. Maonyesho Jumamosi. Kazi ya wawili wawili! Darasani tuko thelathini na mmoja. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya dawati mpaka wote wakamaliza kuchaguana. Nilibaki mimi, Magloire.

Namtaka Gracien, kipa wa shule. Lakini Elie amemganda kama kupe.

Jumanne, 18 Novemba
Nimepata akili! Wenzangu wanafinyanga viwavi wa udongo. Mimi nitatundika wa kweli. Mama ana kikapu cha vinkubala, viwavi vikavu vya kuliwa, anamwekea baba, anayerudi Jumapili kutoka mgodini Kakanda. Nimechukua arobaini tu. Nimevikaanga kwa chumvi na pilipili, nikavifunga kwenye tawi kwa nyuzi za shaba. Gracien hachomoki!

Jumatano, 19 Novemba
Ushindi! Darasa zima limenizunguka. Gracien kaniwekea mkono begani, akauliza, "Eh, weye Magloire, uko na bingine?" Shuleni huwa naulizwa saa tu. Amekula tisa. Nikamwomba tufanye kazi pamoja. Amesema atafikiri, akapangusa vidole kwenye shati langu.

Ameingia mwanafunzi mpya, Shekina, kutoka Buluo. Hali vinkubala, vinamwasha mwili. Hana faida. Aliomba kunishikia tawi. Nimemjibu nafasi imeshikwa.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimetundika vingine, vyote vilivyobaki kikapuni. Kufika mapumziko, tawi tupu. Elie ameokota hata vilivyoanguka sakafuni. Gracien bado anafikiri.

Wote wakatoka kucheza. Shekina peke yake alibaki, akafunga majani makavu kwenye nyuzi zangu, bila kuombwa. Anaimba akifanya kazi. Usumbufu mtupu.

Jumamosi, 22 Novemba
Maonyesho. Wawili wawili, kila jozi chini ya sanamu yake. Madame amesifu majani yangu, akauliza mwenzangu ni nani. Nilimtazama Gracien. Gracien alitazama dari. Shekina akainua mkono, lakini mimi nikasema kwa sauti kwamba niko peke yangu.

Nyumbani mama amefungua kikapu. Siandiki alichosema. Kesho baba atakula bukari, ugali wetu, na majani ya sombe tu.

Jioni Shekina amekuja na tawi langu, akaomba tukae kidogo barazani. Nimemwambia arudi kwao, sina nafasi. Jirani ameanika samaki, na nasikia Gracien anapenda sana samaki. Jumatatu lazima nipate rafiki.