Chwi-chwi, Chwi

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Nawasimulia kabla Furaha hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua bendi yetu inamalizia albamu hapa Kadutu, kwenye chumba kimoja ambacho kuta zake tumezifunika kwa magodoro. Mimi ndiye wa mashine ya kurekodi. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, kwa hiyo kila siku naogopa kwamba fundi wa kweli atafungua mlango na kuniuliza nani kaniruhusu. (Bado hajaja.)

Albamu ina kila kitu: rumba, rege, hata wimbo wa kanisani tulioupindua. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kirefu, hakina maneno. Ngoma nne zinazungumza tu, moja inaikatiza nyingine, mpaka wapigaji wachoke. Tonton Bahati, mjomba wa wote na mkubwa wetu wa ngoma, alitoka kisiwani Idjwi kwa ajili yake, na alasiri ilikuwa lazima apande boti arudi. Leo au basi.

Wakapiga. Nywele zikanisimama! Nikarudisha nisikilize. Pale katikati, ngoma zinaposhuka na wanagusa kwa vidole tu, nikasikia kitu kwa nyuma.

Chwi-chwi, chwi. Chwi-chwi, chwi.

"Nani huyo?"

Nikamtazama Furaha, mtikisa kibuyu cha mbegu, ambaye leo alikuwa kwenye ngoma. Ana bangili mpaka kwenye kiwiko.

"Toa."

"Zote? Mikro yako iko na wivu?"

Akatoa. Tukarudia. Chwi-chwi ikaongezeka! Basi nikapitisha ukaguzi: saa, mikanda, funguo, viatu, vyote vikatupwa kwenye beseni nje ya mlango. (Mimi sikutoa kitu. Mimi si mwanamuziki, mimi ni wa mashine.) Tonton Bahati, bila mkanda, akawa anapiga ngoma huku amebana suruali kwa viwiko.

"Mutoto," akaniambia, "meno pia tutoe?"

Hapo ndipo hasira ilipogeuka udadisi. Niligundua jambo. Nikibonyeza kurekodi, sauti inakuja. Nikisimamisha, inanyamaza. Nikabonyeza tena, ikaja! Tena ilikuwa inafuata wimbo: ngoma zikifika mahali pagumu, nayo inakimbia. Nani huyu anayejua muziki wetu kiasi hiki?

"Iko muzimu," Furaha akasema. "Anapenda rumba."

Nikachungulia dirishani. Nje, Maman Nsimire, jirani yetu, alikuwa ameketi anachambua maharage kwenye ungo. Anayatikisa, anapuliza, anayatikisa. Nimekupata! Nikatoka mbio, kaske ya kusikilizia bado shingoni.

"Maman, samahani, maharage yako yanaharibu albamu yetu."

"Maharage yangu?"

"Yanaingia kwenye mikro."

Akaweka ungo chini polepole sana. "Weye. Boum-boum yenu naisikia tangu juzi, nimenyamaza. Leo maharage njo iko nafanya kelele?"

"Maman, kidogo tu..."

"Hapana, twende. Nataka nione hiyo mashine yenye iko nasikia maharage."

Akaingia. Sikuweza kumzuia, na kusema kweli nilitaka ashuhudie. Nikawaambia wote wasimame kimya, mikono juu, hakuna kugusa ngoma. Wakasimama kama wezi waliokamatwa (Tonton mkono mmoja tu, mwingine ulikuwa na kazi ya suruali). Nikaketi mezani, nikavaa kaske, nikabonyeza.

Chwi-chwi, chwi! Kubwa kuliko zote!

"Mnasikia?" nikapiga kelele kwa furaha. "Maharage yako nje, ngoma zimenyamaza, na bado sauti iko!"

Wote walikuwa wanasikia. Wote walikuwa wanatazama chini ya meza. Maman Nsimire akainama, akaangalia, akaja akanitoa kaske sikio moja, taratibu, kama anavyomvua mtoto kofia.

"Papa," akasema, "angalia muguu yako."

Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka kama cherehani. Mfukoni mwangu kulikuwa na funguo za chumba, za nyumbani, na za kufuli ambalo hatunalo tena. Kumbe kila nikibonyeza kurekodi naogopa kukosea, na mguu unajua kabla yangu. Wenzangu walikuwa katikati ya ngoma, mimi nilikuwa ndani ya kaske. Nani angejua inatoka mfukoni?

Furaha alianguka kwenye magodoro. Tonton alicheka mpaka akasahau suruali. (Hapo nanyamaza, ni mtu mzima.)

Nikaweka funguo kwenye beseni, tukarudia. Safi kabisa, hata pumzi haisikiki. Tonton akasikiliza, akakunja uso.

"Iko safi. Lakini imekufa. Rudisha funguo."

Nikarudisha. Na sasa, marafiki, mguu ukagoma! Watu wote wanautazama, nao umetulia kama wa sanamu.

"Ogopa!" Furaha ananihimiza. "Ogopa kidogo tu, tonton anachelewa boti!"

"Nani alimufundisha huyu kazi?" Maman Nsimire akauliza. Hata hilo halikusaidia.

Mwishowe tumechukua ile ya pili, ya bangili zilizotolewa bure. Tonton amekimbilia bandarini, mkanda mkononi, lakini kwanza ameacha amri: kwenye jalada, kati ya wapiga ngoma, jina langu liandikwe, na mbele yake neno moja, "funguo".

Nawaandikia nikiwa uani kwa Maman Nsimire. Nachambua maharage, ndiyo faini. Ameniambia nisitikise ungo ovyo, naharibu mapigo.

Albamu ikitoka, pale katikati ngoma zikishuka, mtasikia chwi-chwi, chwi. Msicheke. Ni mimi naogopa.