Kisu Kilicholia Mara Sita

Amancio Picazo alijaliwa sikio. Tabia njema hakujaliwa, na kazi ya kudumu alikuwa ameikimbia tangu ujana kama watu wanavyokimbia ndui, lakini sikio alipewa la daraja la kwanza. Ndiyo maana asubuhi ile, Feria ya Septemba, gulio kuu la mwaka, ikikaribia, alipokuwa akipita mbele ya karakana ya Doña Práxedes Tébar huku akitafuna mkate ambao mwokaji alidhani ameupoteza, alisimama ghafla kama punda aliyeona nyoka.

Ndani, mtu alikuwa akifungua kisu kipya cha kukunja. Kre, kre, kre, kre, kre, kre.

Halafu kimya.

Mtoto wa mji wetu wa Albacete, Hispania, hujifunza kuhesabu kwa visu. Springi ya kisu chetu ina meno, na ubapa ukipita kila jino, kisu hulia. Hulia mara saba, na mlio wa saba ndio komeo: hapo ubapa unasimama imara na unaweza kukatia chochote. Kisu cha milio sita ni mlango usio na komeo. Kitakukatia mkate kwa adabu zote, kisha kitakukunjikia kidoleni.

Kisu kingine kikafunguliwa. Sita. Kingine tena. Sita.

"Ewe Bikira Maria wa Nyanda," Amancio alinong'ona, akajifuta makombo kidevuni, "asante kwa riziki." Akaingia.

Doña Práxedes, mjane mwenye vidole kama koleo na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameketi mbele ya sanduku la visu vipya, akivitazama kama mama anayewatazama watoto waliofeli mtihani.

"Habari za asubuhi, mama! Nimepita tu kukujulia hali."

"Ficha meno, Amancio. Umesikia."

"Nimesikia nini?"

"Sita. Wewe umezisikia kutoka barabarani. Mafundi wangu wamevisikiliza wiki nzima wakaniambia ni saba."

"Labda walikuwa wanahesabu na chafya."

Mjane hakucheka. Alikuwa amekwisha kutangaza mji mzima kwamba Feria hii atakifufua kisu cha marehemu baba yake, ambacho hakijatengenezwa tangu mzee azikwe. Umbo lilifufuka. Mpini wa pembe ulifufuka. Jino la saba likagoma kutoka kaburini. Mchoro haukuwepo, maana mzee Tébar hakuwa mtu wa kuchora. Alikata springi kwa jicho na kwa matusi.

"Nipe hivyo vibovu nikupunguzie aibu," Amancio alisema.

"Vina chapa ya baba yangu. Vitayeyushwa vyote, hata kimoja hakitatembea mjini na jina letu." Kisha macho ya mjane yakateremka hadi kwenye mfuko wa suruali ya mgeni wake. "Kile cha babu yako bado unacho?"

Amancio akauziba mfuko kwa kiganja.

Yapasa kusema hapa, kwa heshima zote, kwamba Amancio aliwahi kuuza kila kitu: saa ya baba yake, baiskeli ya jirani, na Jumapili moja iliyobarikiwa, benchi la stesheni, kwa Mreno aliyekuwa amelikalia. Lakini kisu cha babu yake hakuwahi kukiuza. Kilitoka mkononi mwa mzee Tébar mwenyewe, na mjini kilikuwa kimebaki hicho kimoja. Babu alimwachia akiwa kitandani pa mauti. "Najua utauza kila kitu, mwanangu," alimwambia. "Hiki kisikilize kabla ya kulala." Na Amancio alikisikiliza kila siku, saba zikatimia, akalala usingizi wa mtu mwadilifu.

"Niazime siku moja tu," mjane alisema, "nione jino la saba lilivyokatwa."

"Mama, niombe figo."

"Nimekuomba mwaka mzima!"

"Na figo bado ipo, mama. Hujaiomba."

"Haya," mjane akasema, kwa upole ambao ungemtisha mtu mwenye akili zaidi. "Sanduku nitaliweka mlango wa nyuma, lisinijazie nafasi hapa mezani. Nenda salama."

Kwetu, baada ya chakula cha mchana hata mbwa hufunga duka. Mji ukalala. Sanduku likaota miguu.

Mwizi wa kawaida angeviuza visu vile kwa wageni, bei ya kutupa, akatoweka. Amancio aliwadharau wezi wa kawaida. Yeye aliamini kwamba mtu hatapeliki vizuri mpaka aamini kuwa yeye ndiye anayetapeli. Basi, Feria ilipofunguliwa, alianzia kwa Hilario Cebrián, muuza keki za krimu, mtu ambaye ukimnong'oneza siri umeokoa gharama ya tangazo.

"Hilario, ndugu yangu, hili likae kati yetu."

"Kaburini," Hilario aliapa, huku akivuta kiti karibu na wateja.

Amancio akamsimulia habari za Visu vya Matanga. Fundi mmoja wa zamani alifiwa na mke, akaapa visu vyake havitalia tena mlio wa saba, kwa kuwa furaha yake imekatika. Akatengeneza dazeni moja, akavunja tupa yake, akafa. Matajiri wa Madrid wanavitafuta kwa machozi.

"Maskini," Hilario alisema, machozi yakimlengalenga. "Na mkewe alikuwa anaitwa nani?"

Amancio hakuwa amefika huko. "Jina alikwenda nalo," alisema, na Hilario akafuta macho kwa aproni.

Baada ya hapo Amancio akavaa koti la babu, akalegeza mdomo mpaka akafanana na mtu aliyezaliwa na kondoo, akatandika blanketi mbele ya kibanda cha Hilario. Juu yake akapanga dazeni ya visu vibovu. Pembeni akaweka kisu cha babu, ili mteja asikie tofauti. Ndilo lilikuwa kosa lake, na kama makosa yote makubwa ya historia, lilionekana kuwa wazo zuri.

Samaki wa kwanza mnene alikuwa mwanamke wa makamo, kofia pana, miwani ya jua, pochi iliyovimba, akitokea kibandani kwa Hilario. Aliinama.

"Kijana, hivi umevitoa wapi?"

"Vya marehemu mjomba, senyora. Mimi sijui visu. Mimi ni mtu wa mbuzi."

Mwanamke akafungua kimoja. Sita. Nyusi zake zikapanda juu ya miwani. "Mbona hiki kinaishia njiani?"

"Ni kibovu. Vyote ni vibovu, senyora, sitakudanganya." Huo ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna silaha kali ya tapeli kushinda ukweli uliovishwa nguo za kijinga. "Kizima ni hiki hapa." Akafungua kisu cha babu. Saba, kama kengele. "Lakini hiki ni cha kawaida, kila nyumba inacho. Bibi alikuwa anakatia vitunguu."

"Na hivyo... vibovu. Unauzaje?"

"Mjomba alisema nisiviachie chini ya..." Akataja bei ya gari lililotumika kidogo. "Sijui kwa nini. Alikuwa na homa."

Mwanamke hata hakupepesa jicho. Akafungua pochi. Noti zilikuwa zimelaliana humo kama dagaa mkebeni. Amancio akahisi magoti yakimwimbia.

"Nachukua vyote. Na kwa bei hiyo, utaniongezea hicho cha kawaida."

Wimbo wa magoti ukakatika.

"Hicho? Hicho kina kutu, senyora."

"Sioni kutu."

"Kina harufu ya vitunguu."

"Napenda vitunguu."

"Bibi atasikitika..."

"Si umesema kila nyumba inacho?"

"Mpe mama wa watu, Amancio!" Hilario alibwata kutoka kibandani. "Unafukuza mteja kwa ajili ya kijisu cha vitunguu?"

"Mpe! Mpe!" wakaitikia wala keki, ambao kufikia hapo walikuwa wamefanya duara.

Amancio akatokwa na jasho ndani ya koti la babu. Akikataa, amekiri kwamba kisu kile kina thamani. Na mtu wa mbuzi ameijuaje? Akikubali, noti zile ni zake, na kutoka hapa hadi stesheni mgeni huyu ana mwendo mrefu, na vidole vyake ni vyepesi; kisu kitarudi nyumbani kabla treni haijapiga honi. Akakitoa. Alikiachia kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetia sahihi talaka.

Mwanamke akakitia mfukoni, kisha akambandika sarafu ya euro moja kiganjani. "Kisu hakitolewi bure, kijana, hukata urafiki. Sasa nimekinunua."

Kiganja cha Amancio kikajifunga chenyewe. Mtu wa Albacete anaweza kuikataa sakramenti, lakini sarafu ya kisu hawezi kuikataa. Bibi zetu walitufundisha hilo kwa makofi. Biashara imefungwa, mashahidi wana krimu midomoni.

"Sasa, kabla sijakulipa hivi vingine," mwanamke akasema, akitoa mkobani bonge la jibini la kondoo, gumu kama kisigino cha mchungaji, "nikatie kidogo nione makali."

Amancio akatazama jibini. Akatazama noti. Akachukua Kisu cha Matanga, akakifungua, akakandamiza kwa upole wote alionao.

Kisu kikajikunja.

Neno alilolitamka Amancio haliandikiki, lakini njiwa waliokuwa juu ya paa waliruka wote kwa pamoja.

"Lo! Kumbe kibovu kweli!" mwanamke akasema.

"Nili... nilikwambia ni kibovu!"

"Uliniambia, nami sikusikia. Sasa nimesikia." Pochi ikafungwa, pa. "Hivyo baki navyo. Pole na kidole."

Akaondoka bila haraka. Amancio alitaka kupiga kelele za mwizi, neno ambalo siku zote lilimfikia kutoka upande wa pili, lakini ni mwizi gani analipa mbele ya mashahidi? Alipotaka kumkimbilia, Hilario alikuwa amemkamata mkono, akimfunga dole gumba kwa karatasi ya keki na kulia machozi. "Ni matanga," Hilario alikuwa akisema. "Kisu bado kina huzuni."

Alasiri ile Amancio alikokota sanduku hadi mlango wa nyuma wa karakana, alitupe na kwenda kusikotajika. Hapo akasikia. Kre, kre, kre, kre, kre, kre, kre. Angeutambua mlio ule hata akiwa jenezani.

Aliingia bila kubisha. Kofia pana ilikuwa juu ya jiliwa la kubania vyuma. Mwenye kofia alikuwa ameketi anakula jibini.

"Binamu yangu Eufrasia, wa mji wa Chinchilla," Doña Práxedes alisema bila kuinua kichwa. "Mmeonana. Sanduku liweke pale."

"Huu ni utapeli!"

"Aliyekiuza nani? Sarafu unayo?"

"Ninayo, na nairudisha! Nipe kisu changu!"

"Utairudisha, ila si leo. Njoo uone." Mjane alikuwa ameanza kukifungua vipande vipande kisu cha zamani, springi yake ikilala kando ya springi mpya. "Tazama jino la saba. Baba alilikata likaegemea nyuma, kama mtu anayevuta kamba. Sisi tulilisimamisha wima kama askari wa gwaride. Askari ukimsukuma, anaanguka." Akavua miwani. "Sanduku niliweka kwa ajili yako. Nilijua ukiwa na visu vya sita, lazima utatoa cha saba ukaringie. Sasa nitakata springi upya kabla Feria haijaisha, na muuzaji sina. Mdomo unao wewe."

"Unanipa... kazi?" Amancio alilitamka neno lile kama jina la ugonjwa.

"Cha babu yako nitakirudisha kilivyokuwa, nikitundike kwenye msumari. Ukiuza kipya cha mwisho, utakinunua kwa sarafu yako."

Hivyo ndivyo Amancio Picazo alivyojikuta kibandani, akiwa na aproni safi na dole lililofungwa, akiuza kitu cha kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Saba! Hesabuni wenyewe! Jino halirudi nyuma!"

Wala hapakuwa na aliyemwamini.

"Amancio anasema ni kizima?" watu waliulizana. "Basi akikatie jibini yeye kwanza."

Ikawa sheria. Kila kisu, kabla hakijanunuliwa, Amancio alikikatia jibini mbele ya mteja, akiwa amefumba macho na kumtaja Bikira wa Nyanda. Hakuna kilichojikunja. Mjane alileta jibini zima, likaisha, akaleta lingine. Siku ya kufunga Feria kisu cha mwisho kiliondoka na mchinjaji wa nguruwe aliyedai akatiwe mara mbili.

Doña Práxedes akakitungua cha babu kwenye msumari, akanyoosha kiganja. Amancio akaitoa sarafu, ile ile, akaiweka. Akafungua kisu polepole, sikio limeinama. Saba. Mabega yake yakashuka, na kwa muda mfupi alifanana na mtu mwema.

"Haya," mjane akasema, akiitia sarafu mfukoni. "Na jibini nalo tukagawane. Mabonge mazima nimenunua. Vile vipande viko wapi?"

"Vipande?" Hilario akaitika kutoka kibanda cha pili, mdomo umejaa. "Doña Práxedes, kwani hujui? Hili ni Jibini la Matanga! Linaondoa huzuni. Amenifanyia bei ya ndugu, kipande kwa kipande, Feria nzima!"

Mjane akageuka, kiganja kimenyooshwa kwa mara ya pili. Pale alipokuwa Amancio palikuwa na aproni, imekunjwa vizuri, na maganda ya jibini juu yake.

Mbali kidogo, upande wa stesheni, kisu kililia mara saba.