Malalamiko ya Mkwe Kuhusu Unga wa Mwani

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Mimi ni fundi saa, mume wa yule mama anayewaoshea chupa za maabara. Nimeelezwa kwamba mnakatakata protini za mwani mpaka ziwe vipande vidogo viitwavyo peptidi, nanyi mnachunguza kama vinashusha shinikizo la damu. Mnavijaribu kwa mama mkwe wangu. Ndugu, la kwake limeshuka, langu limepanda.

1. Mama mkwe aliletwa kwetu hawezi. Nilimpa chumba cha nyuma kwa moyo mkunjufu, apumzike. Tangu aanze kukoroga na kunywa unga wenu wa mwani amehamia sebuleni, na sebule ndiyo karakana yangu.

2. Anafuta vumbi. Jumanne alifagia skrubu zote za saa ya mwalimu mkuu, pamoja na mshale wa dakika. Mwalimu sasa anajua saa, dakika anakisia.

3. Anawaambia wateja kwamba saa zao zimekufa, wakanunue mpya. Wanamshukuru!

4. Sauti imemrudia. Anakosoa ninavyoketi, ninavyotafuna, hata ninavyomwita binti yake. Na mkwe hana mdomo mbele ya mkwewe. Najibu "Ndiyo, mama" mpaka ulimi umeota sugu.

5. Jana alisukuma kabati peke yake. Alilitaka pale nilipokuwa nimeketi mimi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mpunguze makali ya peptidi hizo, mama awe mzima lakini amelala. Ikishindikana, nipeni na mimi kopo, tulingane nguvu.

Wasalimie watafiti, mlinzi wa getini, na mwani wenyewe humo majini.

Ni mimi niliyechoka,
Fundi Saa

Tanbihi: Mke wangu ameingia sasa hivi kutoka kazini. Anasema jaribio limekwisha na imetangazwa nani alipewa mwani na nani hakupewa: mama hakuonja mwani hata siku moja. Alikuwa akipewa unga wa mchele uliotiwa rangi ya kijani, mpate cha kulinganisha. Nikauliza, basi nini kimemwinua? Akasema tangu baba mkwe afariki, mama hakuwa na mtu wa kugombana naye, mpaka aliponipata mimi.

Futa yote niliyoandika. Tafadhali endeleeni kumletea huo mchele, wala msimwambie neno. Amekaa kimya jikoni muda sasa, na roho yangu haijatulia. Ngoja niende nikamuudhi.