Namba Isiyo na Mji na Kuku Arobaini na Saba

Dorkas Ntandu,
Muuza kuku wa kienyeji na asali,
Njia Panda, Mkiwa,
Singida.

14 Juni 2004

Kumb. Na. DN/SIMU/LAL/1

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu Sauti Pana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIJITABU CHENU, AMBACHO NIMEKIFUATA CHOTE

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, na kama una chai mezani uimalize kwanza, kwa sababu ina kurasa nne na sikuona mahali pa kuipunguza. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa masijala katika chama cha ushirika, mpaka soko huria lilipoingia tukaambiwa chama kinajipanga upya. Kilipomaliza kujipanga, mimi sikuwemo kwenye mstari. Nikarudi hapa Mkiwa, barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Singida, nikaanza kuuza kuku wa kienyeji na asali ya Rungwa. Nakueleza haya ili ujue unaandikiwa na mtu anayejua kufuata maelekezo ya ofisi. Na huko kufuata maelekezo ndiko kulikoniponza.

Mwaka juzi afisa mauzo wenu, Bwana Philipo, alifika na gari lenye kipaza sauti. Alikunywa uji kwangu, akaniuzia simu ya mezani yenye antena ya kusimika juu ya bati, pamoja na namba maalumu. "Mama Winfrida," alisema, "namba hii haina mji. Mteja awe Arusha, awe Songea, akikupigia ni bei moja, tena ndogo, kama anampigia jirani." Nilimwuliza mara mbili kama namba isiyo na mji haiwezi kupotea njia. Akacheka, akaomba uji mwingine. Nikamwita fundi rangi akaiandika ukutani kwa tarakimu nyekundu, kubwa kiasi kwamba madereva wa malori huisoma bila kupunguza mwendo. Simu ikalia. Ililia mpaka majogoo wakajifunza kujificha kila wakisikia kengele.

Mwezi Machi mkabadilisha gharama. Sasa anayepiga namba yangu anatozwa kwa dakika kama anaongea na mtu aliyeko Ulaya, wakati mimi niko Mkiwa nasafisha banda. Pamoja na tangazo mkaniletea kijitabu cha kijani kiitwacho "Biashara Yako na Gharama Mpya: Namna ya Kuzoea". Kina mashauri matano. Nimeyatekeleza yote kwa nia njema, na matokeo yake nayaorodhesha hapa chini.

1. Shauri la kwanza lasema mteja aelezwe gharama kabla ya maongezi kuanza. Niliandika tamko rasmi, nikalibandika juu ya simu, nikawa nalisoma taratibu kwa kila anayepiga: kwamba gharama zimebadilika, kwamba si kosa la muuza kuku, kwamba mteja ana haki ya kukata simu. Tamko lachukua dakika mbili. Mteja wangu wa miaka yote, Bwana Antipasi, mwenye hoteli pale Manyoni, alipiga akasikiliza kwa adabu mpaka vocha yake ikaisha nikiwa kwenye neno "haki". Akanunua vocha nyingine, akapiga tena. Nami, kwa kuwa kijitabu kinasema "kila mara", nikaanza upya. Mara ya tatu hakunisubiri nifungue mdomo. Alipiga kelele, "Kuku kumi, Mama Winfrida, na Mungu akusamehe!" Tangu siku hiyo huniletea karatasi kwa mkono wa kondakta wa basi.

2. Shauri la pili ni kufupisha maongezi. Hili ndilo lililoniumiza, Ndugu Meneja, nalo nitalieleza kwa kirefu.

Nilipima kwa saa ya ukutani nikaona kwamba katika simu ya dakika nne, dakika tatu ni salamu. Mtu anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mguu wa mama mkwe, ndipo anakumbuka kuku. Nikaamua kuondoa salamu zote. Kuanzia Jumatatu ile, simu ikilia nilikuwa nanyanyua na kusema neno moja tu: "Idadi?"

Siku ya Jumatano alipiga Mzee Simoni. Huyu ni baba mdogo wa mume wangu Manase, anakaa Rungwa, na asali yote ninayouza hutoka kwenye mizinga yake. Alikuwa ametembea umbali mrefu kuitafuta simu, akalipa, akasubiri, akasikia mkwewe anamwambia, "Idadi?" Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Akakata.

Habari zilinifikia kwa dereva wa lori. Mzee alikuwa ameketi na wenzake akiwauliza, "Mke wa Manase ameniuliza idadi. Idadi ya nini? Ya siku zangu zilizobaki?" Wazee walilijadili jambo hilo siku mbili. Wapo waliosema nimechanganyikiwa, wapo waliosema nimelewa utajiri. Mzee mwenyewe alisema neno moja tu, kwamba mtu asiyeweza kumwamkia hawezi kula asali yake. Na asali ikakatika. Manase, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikaa mezani akala bila kuniangalia, kisha akasema, "Dorkas, umemfanya baba yangu kuwa tenga la kuku." Nililia, Ndugu Meneja. Kijitabu chenu nilikuwa nimekishika mkononi.

3. Shauri la tatu: "Mpe mteja njia mbadala isiyo na gharama." Njia mbadala isiyo na gharama katika nchi hii ni moja tu, nayo ni kubipu. Nilitengeneza mwongozo, nikaupiga chapa kwa mashine niliyopewa na ushirika kama kiinua mgongo, nikausambaza kwa mabasi. Bipu moja ni kuku mmoja. Ukitaka kuku watano, bipu mara tano. Simu yangu ina kioo kinachoonyesha namba ya anayepiga, basi sikuhitaji kunyanyua wala yeye kulipa. Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri nikaanza kuwasifu ninyi.

Ndipo Magdalena, katibu wa kwaya huko Nduguti, akabipu mara kumi na mbili. Walikuwa na ugeni mkubwa kanisani. Nikafunga kuku kumi na wawili. Kesho yake asubuhi ugeni ukaahirishwa, na Magdalena, ambaye hakuwa na vocha, akabipu ili nimpigie anieleze nisilete. Mimi nikaongeza kuku mmoja. Akaona simpigii, akabipu tena. Nikaongeza mwingine. Kadiri alivyozidi kunizuia ndivyo kuku walivyozidi kuongezeka. Nilikimbia kwa majirani wawili kukopa majogoo. Mchana alipochoka, hesabu ilikuwa imefika arobaini na saba, nami nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kwaya ya Nduguti.

Matenga manne yalipanda basi la Singida, yakabadilishwa pale stendi, yakafika Nduguti saa kumi jioni na kushushwa kwenye baraza ya kanisa wakati wa maombi ya akina mama. Tenga moja lilikuwa limelegea kamba. Sitaeleza yaliyofuata kwa kuwa sikuwepo, ila nimeambiwa jogoo mmoja mwekundu alipanda mimbarini na hakuna aliyethubutu kumshusha mpaka alipomaliza. Magdalena aliniandikia: "Dada Dorkas, nilikuwa nakuambia usilete. Nimekuambia mara thelathini na tano." Kuku wengi waliuzwa mnadani. Kuku jike mmoja hakupatikana siku hiyo, na sasa anataga kwenye kabati la vitabu vya nyimbo.

4. Shauri la nne: mteja anaposubiri, apewe burudani. Kwa wale wasiobipu nililirudisha tamko, na kabla sijalianza Manase aliimba besi. Wateja wawili walilalamika na mmoja aliomba arudie ubeti wa pili.

5. Shauri la tano na la mwisho lasema nikiona ugumu wowote niwapigie ninyi, "wakati wowote, tutafurahi kukusikiliza". Nilipiga. Namba yenu nayo haina mji. Nayo inatozwa kama Ulaya. Sauti ya dada mmoja mpole ilinisomea tamko la gharama, refu kuliko la kwangu, nikamvumilia kwa kuwa nalijua jambo hilo. Kisha akasema mimi ni mtu wa thelathini na nne kwenye foleni. Ulifuata muziki. Nilikwangua vocha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika mtu wa pili, vocha ya nne ikaisha. Nilinyanyuka nikaenda nje nikawaangalia kuku kwa muda mrefu, kisha nikaja kuandika barua hii, ambayo stempu yake ina bei moja kutoka Mkiwa mpaka Dar es Salaam na haiulizi nimeongea dakika ngapi.

Utataka kujua ya Mzee Simoni yaliishaje. Wiki iliyopita nilifunga duka, nikavaa kitenge changu cha harusi, tukapanda lori mimi na Manase. Siku mbili njiani. Tulipofika, mzee alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mzinga, hakugeuka. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikasema, "Shikamoo, baba." Akaendelea kuchonga. Nikauliza habari za nyumbani, nikauliza za nyuki, za mvua, za mizinga ya upande wa mto, za ng'ombe mmoja mmoja. Nikamwamkia tena. Nilimpa salamu zote nilizokuwa nimezibana tangu Machi, zake na za wateja wengine, mpaka jua likahama. Mwishoni aliweka tezo chini akasema, "Marahaba." Tulikunywa chai. Tulipokuwa tunaaga akaniita, "Mkwe." Nikaitika. "Haya, sasa niulize." Niliona haya, nikainamisha kichwa nikanong'ona, "Idadi, baba?" Akacheka mpaka akakohoa. "Madebe sita. Na usinipigie. Njoo."

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba kampuni itekeleze yafuatayo ndani ya siku kumi na nne:

(a) Gharama ya kupiga namba yangu irudishwe ilipokuwa.

(b) Kama haiwezekani, dakika tatu za mwanzo za kila simu ziwe za bure na ziitwe Dakika za Salamu. Kwa anayempigia mtu mzima ziwe tano. Kwa wakwe zisiwe na kikomo.

(c) Namba yangu ipewe mji. Mkiwa inatosha.

(d) Mwandishi wa kijitabu cha kijani aje akae kwangu wiki moja. Chumba kipo. Atapokea simu yeye.

Msipotekeleza nitaing'oa antena, nitapaka chokaa ukuta mzima, na nitawatangazia wafanyabiashara wote kuanzia Manyoni mpaka Nduguti wasiguse namba yoyote isiyojulikana kwao ni wapi. Msimamo wangu huu haubadiliki.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, wakubwa kwa wadogo, na hasa yule dada mpole wa kwenye foleni, mwambie sina kinyongo naye. Manase anawasalimu. Mzee Simoni angewasalimu kama angewajua. Wajumbe wa kwaya ya Nduguti hawajambo.

Ni mimi mteja wenu aliyezoea kupita kiasi,

Dorkas Ntandu (Mama Winfrida)

Nakala: Bwana Philipo, popote alipo.

N.B. Bahasha nilikwisha kuilamba, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mtu wa posta ya Itigi amenipitishia barua yenu ya tarehe 3, ambayo ndani yake mna hundi. Mnaeleza kwamba chini ya utaratibu mpya, sehemu ya gharama anayotozwa kila anayepiga hulipwa mwenye namba, na kwamba kwa miezi mitatu mimi nimekuwa miongoni mwa wenye namba waliosikilizwa kwa dakika nyingi zaidi katika kanda nzima. Hundi hii inazidi faida ya kuku na asali ikijumlishwa. Tafadhali msiguse gharama. Maombi (a) hadi (d) yafutwe kwa kalamu, nimeshindwa kuyafuta mwenyewe kwa kuwa karatasi ni nyembamba. Nimesharefusha tamko likafika dakika saba, na nitashukuru kama mna maneno ya kisheria ya kuongezea. Barua hii muipokee kama barua ya shukrani.